Kihisi cha DNA: tuhesabu molekuli kwanza

Mwaka 2003 Fan, Plaxco na Heeger walifunga uzi wa DNA kwenye dhahabu na kuonyesha kuwa umeme pekee unatosha kuutambua uzi mwenzake, yaani ule unaojipanga nao jozi. Tangu hapo wapo wanaosubiri kipimo kisichozidisha nakala kabisa, na kihisi kinachoanza na PCR au LAMP, mbinu za kuzidisha nakala za DNA, wanakiona kimeshindwa.

Hoja yao haibezwi. Usipozidisha, hununui vimeng'enya, wala nakala za jana haziruki hewani na kuchafua sampuli ya leo. Uzi wenyewe ni kazi safi: umekunjwa kitanzi, ncha moja imeshika dhahabu kwa thioli (kikundi chenye salfa), nyingine ina methilini bluu, rangi inayopeana elektroni na dhahabu (wao walitumia feroseni). Ukikutana na DNA inayotafutwa unanyooka, methilini bluu inakaa mbali, mkondo unashuka.

Lakini kiwango cha chini walichofikia kilikuwa pikomoli 10 kwa lita, yaani nakala bilioni 6 kwa mililita. Xpert MTB/RIF, kipimo kinachozidisha nakala kwa PCR, hugundua kifua kikuu penye bakteria 131 tu kwa mililita ya makohozi. Ukihesabu nakala moja kwa kila bakteria, pengo ni takriban mara milioni 46. Halafu wanakuja wanaodai atomoli 0.1 kwa lita (atomoli ni sehemu ya milioni ya pikomoli), namba waliyoipata kwa kurefusha mstari wa grafu. Chukua tone lao la mikrolita 5: kwa wastani lina nakala 0.3. Matone karibu matatu kati ya manne hayana hata nakala moja. Elektrodi ipime nini? Na hiyo iliyobahatika kuwemo, bila kukorogwa, huhitaji saa nzima au zaidi kusafiri milimita moja.

LAMP, kwenye nyuzijoto 60 hadi 65, hutoa nakala bilioni ndani ya saa moja. Shida yake ni kuzidisha hata kisichotakiwa, na rangi au ukungu unaosomwa kwenye mirija hautofautishi. Uzi wa kwenye elektrodi unatofautisha, mradi uulenge kwenye vitanzi vya zao la LAMP, ambako DNA haijajipanga jozi. Poza mchanganyiko kwanza. Kwenye joto lile thioli huachia dhahabu, mkondo unashuka, nawe unasoma ugonjwa usiokuwepo. Weka pembeni elektrodi yenye uzi usiohusika: mikondo ya zote mbili ikishuka, tupa jibu. Nyuzi za DNA nazo zisisongamane kwenye dhahabu. Unapozipandikiza, mikromoli 0.1 hadi 0.5 kwa lita zinatosha, kisha acha merkaptoheksanoli, thioli fupi ya kujaza nafasi zilizobaki, hadi kesho yake.

Penye molekuli tele, wapinga uzidishaji wana haki. Mkojo wenye bakteria 100,000 kwa mililita, kila mmoja na RNA ya ribosomu (RNA ya mitambo ya seli ya kutengeneza protini) nakala 10,000 hivi, ukiwavunja unapata karibu pikomoli 1.7 kwa lita. Hapo kuusoma moja kwa moja ni jambo linaloweza kufikiriwa, ukiongeza kimeng'enya cha kukuza mkondo badala ya nakala.