Dawa ikitoweka shambani, imeoza au imehama?

Mkulima wa nyanya ukimuuliza kama dawa anayopiga kila wiki haibaki kwenye udongo, mara nyingi atakujibu kwamba jua la huku halibakizi kitu. Wengine hushikilia kinyume chake: sumu ikishaingia ardhini haitoki tena. Kwangu mimi, pande zote mbili zinaruka swali la msingi. Dawa isipoonekana tena, imeoza au imehamia kwingine?

Anayetegemea jua ana hoja. Kazi kubwa ya kuvunja viuatilifu hufanywa na bakteria na kuvu wa udongoni, na hao hupenda joto na unyevu. Kwa makadirio yanayotumika Ulaya, joto likiongezeka kwa nyuzi 10 kasi ya kuvunjika huzidi mara mbili. Vipimo vingi vya maabara hufanywa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na udongo wa juu wa Morogoro mwezi Februari uko mbali juu ya hapo. Hata DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu iliyojulikana kwa ukaidi wake katika nchi za baridi, watafiti waliiona ikipungua haraka zaidi katika udongo wa Kenya na nchi nyingine za tropiki.

Lakini ilikwenda wapi? Sehemu kubwa iligeuka mvuke ikapaa. Nyingine ikawa DDE, kemikali inayobaki DDT ikivunjika, ambayo nayo ni ngumu kuoza. Shamba lilipungukiwa na sumu, dunia haikupungukiwa. Ndiyo maana napata shida kila ninaposikia “kutoweka” na “kuoza” vikitajwa kana kwamba ni jambo moja.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vilivyo chini ya Ufaransa. Kati ya 1972 na 1993 mashamba ya ndizi ya huko yalitiwa dawa iitwayo klodekoni ili kuua fukusi wa migomba. Joto lipo, mvua ipo tele, na bado sumu haijaondoka. Molekuli yake ina atomi 10 za klorini zilizozunguka kaboni, kwa hiyo bakteria hawapati pa kuanzia. Udongo wa volkano nao, wenye mboji nyingi na chembe laini sana, umeikumbatia. Makadirio yaliyotolewa 2009 yalisema baadhi ya mashamba yataendelea kuwa nayo kwa karne kadhaa, na vipimo vya damu vimeikuta kwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima. Udongo wa volkano tunao pia, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na tunausifu kwa rutuba. Mboji ileile inayolisha bakteria huweza kuishika dawa wasiifikie.

Halafu kuna kiangazi. Joto bila maji halisaidii sana, kwa sababu bakteria hulala udongo ukikauka. Jua lenyewe huvunja dawa iliyo juu kabisa. Milimita chache chini, mwanga haufiki. Aliyepiga dawa mwishoni mwa masika asihesabu miezi mikavu inayofuata kama miezi ya kuozesha. Kwenye majaruba ya mpunga mambo hugeuka tena: lindeni, dawa nyingine ya wadudu, huvunjika upesi zaidi udongo ukifunikwa na maji na kukosa hewa, ilhali dawa nyingine huhitaji hewa hiyohiyo. Uchachu wa udongo nao una sehemu yake. Kabofurani, nayo dawa ya wadudu, huvunjika haraka penye magadi na polepole penye uchachu.

Wanaosema sumu haitoki kamwe wako sahihi kabisa kwenye mrututu, dawa ya ukungu yenye shaba. Shaba ni elementi, hakuna bakteria wala jua la kuivunja, na kila msimu wa kupulizia kahawa huongeza kidogo kwenye udongo wa juu. Kwa dawa nyingi za kisasa wanatia chumvi: zipo zinazopungua nusu ndani ya siku au wiki chache, udongo ukiwa na uhai na unyevu.

Ndiyo sababu sikubali kibali cha dawa kitegemee tu namba za maabara ya mbali, iwe zinatisha au zinatuliza. Udongo upimwe hapahapa, mweusi wa mbuga na mwekundu, kabla na baada ya kiangazi. Kipimo kitafute pia kile dawa ilichogeuka, maana anayetafuta DDT peke yake ataliita safi shamba lililojaa DDE.