Ukisoma Kaiji, anza na riba

Wasomaji wengi wa Kaiji, manga (katuni ya Kijapani) kuhusu mcheza kamari wa jina hilo, husifu akili yake mezani. Kwangu, ukurasa mzito kuliko yote katika manga hii, ambayo Nobuyuki Fukumoto alianza kuitoa mwaka 1996, huja kabla ya karata yoyote kuchezwa. Kaiji alimdhamini Furuhata, mwenzake wa kazini, kwa mkopo wa yeni 300,000. Furuhata akaingia mitini. Miezi 14 baadaye mdhamini anadaiwa yeni 3,850,000. Piga hesabu mwenyewe: ni asilimia 20 kwa mwezi, riba ikizaa riba. Kama riba ingehesabiwa kwenye mkopo wa awali pekee, deni lingekuwa 1,140,000.

Hesabu hiyohiyo inapanda naye Espoir, meli ya kamari ambako wadeni hucheza ili wafutiwe madeni. Kila mchezaji ana nyota 3 na karata 12: jiwe 4, mkasi 4, karatasi 4. Jiwe hushinda mkasi, mkasi hushinda karatasi, karatasi hufunika jiwe. Anayeshinda huchukua nyota moja ya mpinzani, na karata zilizochezwa hazirudi mkononi. Ndani ya saa 4 uwe umemaliza karata zote na bado una nyota 3. Pesa za mfukoni nazo ni mkopo, kuanzia yeni milioni 1 hadi milioni 10, kwa asilimia 1.5 kila dakika 10. Vipindi ni 24, kwa hiyo milioni 1 hurudishwa kama milioni 1.43. Ukikaa kimya kwa woga, unalipia woga huo.

Ndipo Funai, mchezaji mwingine melini, anapomjia Kaiji na mpango mtamu: tucheze karata zinazofanana, tutoke sare mara 12, tuondoke salama. Kasoro yake ni kwamba kila sare inakupunguzia karata za kujitetea, na hakuna kinachomzuia mwenzako kubadili karata mkiwa mmekaribia kumaliza. Kaiji anapoteza nyota mbili hivyo.

Napenda zaidi ule ubao unaoonyesha karata zilizobaki ukumbini. Mawe yakipungua, karatasi hazina cha kufunika na mkasi hauna wa kumwogopa, basi mwenye karatasi nyingi ameshika mzigo. Wengi hawautazami, wanahesabu nyota tu. Mwishoni nyota huuzwa kwa fedha taslimu. Aliyekopa kidogo kwa tahadhari hana cha kununulia, na aliyekopa milioni 10 akazitumia zote kujiokoa anashuka akidaiwa milioni 14.3.