Nilipata kumi kwa kumi, ndiyo shida yenyewe

Kabla Fundi hajamaliza kuisambaza Goma nzima habari ya jaribio letu la waya wa bafle (spika): sikulia. Mengine yote aliyosema ni kweli. Uliyesikia ile vois yake ya dakika nne kwenye grupu, kaa hapa usikie kwa mwenye msiba.

Ugomvi wetu mnaujua. Mimi husema waya wa bafle una sauti yake. Fundi, anayefungua ampli (amplifaya) za watu kule Birere kila siku, husema shaba ni shaba. Hesabu yake haibadiliki: waya wa kawaida wa 1.5 mm², mita tano kwenda na tano kurudi, una ukinzani (kiasi unavyozuia umeme) wa kama omu 0.12, na bafle zangu ni za omu 8. "Hiyo 0.12 itakuibia nini, Papa Gloire?" Nami humjibu kwamba muziki hausikilizwi kwa kalkuleta. (Najua niliiandika hapa. Msinirushie picha za skrini.)

Waya wenyewe niliuagiza Dubai mwezi wa nne, ukaja na shemeji. Dola 140. Mnene kama kidole gumba, ngozi yake inang'aa, shaba unaiona ndani. Niliufunga usiku umeme ukiwa umekatika, tochi ya simu mdomoni, miwani sijui wapi. Kesho yake nikatangaza: sauti imefunguka! Mwimbaji hakai tena katikati ya bafle mbili, yuko kila mahali. Besi imekuwa kavu, ya watu wenye adabu. Mama Gloire alisikiliza nusu wimbo akasema, "Redio imekonda." Nikamwambia sikio hufundishwa.

Jumapili Fundi akaja na multimeta (kile kipimo cha umeme), kitenge cha kufunika ampli na sarafu. Mimi nikaalika mashahidi: baba mkwe, mwalimu wa kwaya na jirani wawili. Ndiyo, niliwaalika mwenyewe.

Kitenge ni kwa sababu macho husikia kabla ya masikio. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, kule Harman, kampuni ya vyombo vya sauti ya Marekani, waliwapa watu bafle wazipe alama wakiziona, kisha bila kuziona, na alama zikabadilika. Fundi aliacha nyaya zote mbili zimefungwa kwenye bafle kama zilivyokuwa. Upande wa ampli ndio alikuwa akichomoa na kuchomeka, ampli ikiwa imezimwa, ncha zisizotumika zimefungwa tepu zisigusane. Kwanza akapima volti kwenye bafle kwa mlio mzito wa besi wa 60 Hz, maana multimeta ya bei ndogo hudanganya milio ikiwa ya juu. Wangu 2.00, wa kawaida 1.98. Tofauti haifiki hata desibeli 0.1 (desibeli hupima ukubwa wa sauti). Hilo ni muhimu: ukizidishiwa desibeli moja tu, huambii watu "imepanda", unawaambia "ni safi zaidi".

Sarafu ikarushwa mara kumi, kila mara ikichagua waya upi upige. Mara kumi nikataja waya, macho yamefumbwa, mkono unapepea hewani kama wa padri. Kumi kwa kumi. Kwa kubahatisha, hiyo hutokea mara moja katika 1,024. Ndugu zangu, nilisimama juu ya meza ndogo. Nikamgeukia baba mkwe: "Baba, umesikia mwenyewe?" Nikamgeukia Fundi: "Shaba ni shaba, eti?"

Fundi hakujibu. Alikuwa anakuna kidevu. "Tofauti kubwa hivi si ya waya," akasema. "Nipe betri."

Hakukuwa na betri. Akapanda kiti, akashusha saa ya ukutani, akatoa yake, ile ndogo ya volti 1.5.

Hapa nisindikizeni polepole. Akachomoa waya wangu kwenye ampli. Ncha iliyokuwa kwenye tundu jekundu akaiweka upande wa chanya wa betri, nyingine kwenye hasi, akagusa kidogo tu. Bafle ya kulia: tup! Koni, ile ngozi ya bafle inayotetemeka, ikatoka nje, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Akahamia ya kushoto. Akagusa. Tup. Koni ikaingia ndani.

Akarudia. Nje. Ndani.

Baba mkwe akavaa miwani, akapiga magoti mbele ya lile jiwe la lava ninalowekea bafle. Tup. Ndani. Gloire, miaka saba, akasema kwa sauti ya kanisani: "Papa, hii inaogopa."

Kushoto nilikuwa nimegeuza chanya na hasi. Tangu mwezi wa nne. Waya ule hauna mstari mwekundu. Una vijiherufi tu kwenye ngozi ya upande mmoja. Multimeta haikunisaidia, maana ikipima AC (umeme unaogeuka mwelekeo kila mara) haijui chanya wala hasi. Na Fundi, mtu mbaya, akawaeleza wote taratibu: bafle moja inasukuma hewa, ya pili inavuta. Wimbi la 60 Hz lina urefu wa karibu mita 5.7, bafle ziko mita mbili tu, kwa hiyo besi zinauana kabla hazijakufikia. Sauti ya mwimbaji nayo inakosa kiti. "Hiyo ndiyo anaita kufunguka," akamaliza. Mwalimu wa kwaya akaangalia dari.

Tukageuza waya, nusu dakika. Sebene ikarudi na vikombe vikaanza kulia kabatini. Mama Gloire akacheza bila kuniangalia. Tukarudia kipimo: nne kwa kumi. Halafu baba mkwe akauliza bei, Fundi akajibu kabla yangu, na nyumbani nilikuwa nimesema dola 20.

Betri Fundi alienda nayo mfukoni. Saa imesimama kwenye kumi na dakika ishirini, na Mama Gloire amekataa mtu yeyote asiiguse.