Moto wa kuni hauzimwi kwa swichi

Julai ya Molo haina mzaha. Mji uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na ukifungua mfereji wa uani alfajiri, vidole vinakufa ganzi kabla sufuria haijajaa. Kwa hivyo mzee mmoja aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi aliponipigia simu nipande kutoka Nakuru nikamfungie radieta, yale mabamba ya ukutani yanayopasha chumba kwa maji moto, kwenye nyumba yake mpya ya ghorofa, sikumcheka.

"Fundi, nataka kama kule," akasema. "Mfumo uliofungwa. Sitaki tangi darini. Nataka geji ukutani, basi."

Nikamuuliza maji yatapashwa na nini. Akanipeleka nyuma ya jikoni, akanionyesha boila ya kuni aliyoiagiza, na kando yake kuni za mkaratusi zimepangwa hadi usawa wa dirisha. Tukaanza kubishana palepale.

Mfumo uliofungwa sina ugomvi nao. Nikipewa boila ya gesi au ya stima, nitaufunga huo bila kuombwa. Maji ni yaleyale yanazunguka, hewa mpya haiingii, kutu haipati chakula. Lakini maji yakipata joto hutanuka, na maji si kitu cha kubanwa. Nyumba ya mzee ingebeba lita 120 hivi. Kutoka nyuzi 15 hadi 80, zinaongezeka lita tatu na kitu, na hizo lazima zipate pa kwenda. Ndiyo kazi ya lile tangi dogo jekundu la upanuzi: ndani lina utando wa mpira, upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Hewa inabonyea, maji yanapata nafasi, geji ya presha inapanda kutoka baa 1 (baa ni kipimo cha presha) hadi labda baa 1.5 au 2. Ikifika baa 3, valvu ya usalama inafunguka na kumwaga nje. Ukitaka kujua kama utando umepasuka, bonyeza ile valvu ya tangi inayofanana na ya tairi ya baiskeli. Ikitema maji badala ya hewa, tangi limekufa.

Kuhusu valvu ya usalama nina hasira, na hasira yenyewe ni kwa mafundi wenzangu. Niliwahi kuitwa nyumba moja hapa Nakuru, tangi la maji moto linanguruma. Nikafuata bomba la valvu kwa mkono hadi nyuma ya bafu, nikakuta mdomo wake umezibwa kwa plagi ya chuma, umezungushiwa katani na kukazwa kwa spana. Mama mwenye nyumba alikuwa amelalamika kwamba bomba linadondosha maji, fundi akamwondolea kero. Maji yaliyobanwa kwa baa 3 yanaweza kufika nyuzi 140 bila kuchemka. Tangi likipasuka, sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na maji yakiwa mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600. Nilizima stima ya nyumba nzima kwanza, ndipo nikamsalimia.

Sasa rudi Molo. Boila ya gesi ina adabu: stima ikipotea, pampu inasimama na moto unazimika pamoja nayo. Kuni hazina habari ya stima. Pampu imesimama, maji hayazunguki, na tumboni mwa boila kuna makaa mekundu ya mkaratusi ambayo yatawaka saa nzima au zaidi. Mfumo ukiwa umefungwa, kinachobaki kati yako na mlipuko ni ile valvu moja, ileile ambayo kuna fundi mahali anaitafutia plagi. Na stima zetu tunazijua.

Mzee hakukubali. "Zipo boila za kuni za mfumo uliofungwa, nimeziona." Kweli zipo. Zina koili ya kupoza, bomba lililojikunja ndani ya boila, inayopitisha maji baridi ya mfereji yenyewe, bila stima, joto likizidi. Nikamwomba afungue mfereji wa jikoni. Ukakohoa hewa, ukatoa matone mawili ya kahawia, ukanyamaza.

Basi tukafunga mfumo wa wazi, ambao maji yakitanuka au kuchemka hupanda hadi tangi la juu badala ya kubanwa. Tangi likaenda darini, la chuma, si lile jeusi la plastiki ambalo maji yanayochemka yangelilainisha, na chini yake mbao nene. Kutoka boila bomba la pumzi linapanda moja kwa moja hadi juu ya tangi, bila valvu hata moja njiani. Radieta ya bafu la juu nayo haina valvu ya kufunga, na maji moto huifikia yenyewe hata pampu ikilala. Karibu na boila tulitumia shaba. Mabomba ya plastiki yalianzia mbali. Ukutani nikatoboa tundu la hewa. Mzee alitaka kuliziba kwa gunia kwa sababu ya upepo, na hapo sikubishana, nilikataa tu, kwa sababu hewa ya moto uliokosa pumzi haina harufu na inaua watu usingizini, kama wanavyokufa wanaolala na jiko la makaa ndani.

Siku ya mwisho tulijaza kuni, tukangoja radieta zote zipate joto, kisha nikazima swichi kuu makusudi. Dakika kumi hivi, kimya. Ghafla darini pakaanza kugugumia, kama sufuria ya githeri iliyofunikwa vibaya. Mzee akainua macho, chai mkononi.

"Ndilo lile tangi nililokataa?"

"Ndilo, mzee."

Akakaa kusikiliza mpaka lilipotulia, kisha akaniuliza kama linaweza kupakwa rangi.