Jogoo wa Mradi

Jamani, umaskini wa kukaa nao nyumbani hauna gharama yoyote. Gharama inaanza siku unapotaka serikali iutambue.

Mimi naziba pancha za baiskeli hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache tu kutoka mpakani. Tangu mwaka 2022 walipozindua ule mpango wa serikali wa kukopesha maskini kupitia parishi, yaani mkusanyiko wa vijiji, wanaouita PDM, redio haijapumzika: kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kila kaya hadi milioni 1, riba asilimia 6 tu. Eti wakati ule asilimia 39 ya kaya zilikuwa nje ya uchumi wa pesa. Mimi nimo ndani kabisa, nashika noti za watu kutwa nzima. Pesa ndiyo haijaniona.

Sasa hiyo milioni huendi kuichota kama maji ya bomba. Lazima uwe na kikundi. Tukaungana kumi: mimi, fundi viatu, wauza samaki wawili, mzee mmoja ambaye hakuna ajuaye anafanya kazi gani, na wengineo. Jina peke yake lilikula mikutano miwili. Kila mtu alitaka neno lake liwemo, tukayaweka yote. Mchonga mihuri akalisoma, akavua miwani: "Wazee wangu, hili ni jina au hotuba?" Akachonga mpaka nafasi ikamwishia. Hadi leo muhuri wetu unaishia kwenye "MAENDE".

Haya, toa pesa ya muhuri. Toa ya kuchapa katiba, kurasa 11 ambazo hakuna aliyezisoma, nakala tatu tatu. Toa ya picha za pasipoti. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ni bure, ila wino, anasema, haunyeshi kama mvua. Yule mzee akauliza, "Hizi tunazochanga, tukigawana wenyewe si tutakuwa tumepunguza umaskini?" Tukamnyamazisha haraka. Watu wa namna hiyo ndio wanaovunja vikundi.

Mama watoto ananicheka tu. Yeye anakumbuka mipango ya serikali ya kuondoa umaskini iliyotangulia: anakumbuka Entandikwa ya miaka ya tisini, anakumbuka Bonna Bagaggawale, na 2019 ilipokuja Emyooga aliniona nikijiandikisha na mafundi makanika, kwa hoja kwamba baiskeli nayo ina mnyororo. Emyooga ilikuwa na makundi 18: boda boda, maseremala, wasusi, washona nguo, mpaka viongozi wa kuchaguliwa nao wakahesabiwa ni kazi ya mikono. Sako, yaani chama cha akiba na mikopo, ya boda milioni 30, sako ya viongozi milioni 50. Nadhani umaskini wa kiongozi una tumbo kubwa.

Basi tukaambiwa mradi uonekane kwanza. Tulikuwa tumeandika kuku. Kuku hatuna, si ndiyo maana tunaomba! Lakini jirani yangu muuza chapati ana jogoo mwekundu aliyekatika ukucha mmoja, pamoja na majike manne. Tukawakodi kwa siku moja, tukawatia kwenye banda tulilogongea misumari asubuhi ileile. Mabati yalikuwa bado yana bei ya dukani imeandikwa kwa chaki.

Afisa akafika na boda. Akainama, akachungulia, akamtazama yule jogoo muda mrefu kama mtu aliyekutana na shemeji yake mahali pasipostahili.

"Huyu," akasema, "si ndiye niliyemkagua Jumanne kwa kina mama wa kule ng'ambo ya barabara?"

Kimya. Fundi viatu akaanza kukohoa. Mimi nikasema, "Afande, jogoo wekundu wanafanana." Hata sijui kwa nini nilimwita afande.

"Na ukucha?"

Hapo hatukuwa na jibu. Katiba yetu ya kurasa 11 haikusema lolote kuhusu kucha.

Afisa hakukasirika, nadhani ameshayaona mengi. Aliandika kitu kirefu kwenye daftari lake, akatuambia tusubiri. Huu ni mwezi wa tano tunasubiri. Muuza chapati hasubiri. Anadai kodi ya kuku wake, na juu yake mtama waliokula. Jana alfajiri jogoo aliponyoka akaja kuwika chini ya dirisha langu. Mama watoto akanigusa bega: "Amka, mwenzio amekuja kudai."