Acheni kukaririsha orodha ya vitenzi vishirikishi vya Kiingereza

"Be, seem, become, look, feel, taste, smell, sound, appear." Mwanafunzi hukaririshwa kwamba hivi ni vitenzi vishirikishi, yaani vya kuunganisha mtu au kitu na sifa yake, na vilivyobaki ni vya kutenda. Kwangu mimi orodha hii hupotosha kuliko inavyosaidia, maana zaidi ya nusu ya vitenzi hivyo vina kazi mbili.

Chukua "taste". Katika "The soup tastes good" supu haitendi lolote. Kitenzi kinaiunganisha tu na sifa yake. Katika "The cook tasted the soup" kuna mtu na kijiko chake. Kipimo ni kutoa kitenzi na kuweka "is" au "was". "The soup is good" inasimama. "The cook was the soup" ni kichekesho, kwa hiyo hapo pana kitenzi cha kutenda.

Kipimo hiki kina faida kwa sababu neno linalofuata hutegemea jibu lake. Kishirikishi hufuatwa na kivumishi: "He looked angry", yaani uso wake ulikuwa wa hasira. Tendo huelezwa kwa kielezi: "He looked angrily at the driver".

Hapo ndipo Kiswahili hutuponza. Sisi husema chakula kinanukia vizuri, najisikia vibaya, na hiyo vi- ni ya kielezi. Ukiihamisha ilivyo, unaandika "The food smells nicely" badala ya "nice". Ile -na- ya "kinanukia" nayo huzaa "is smelling nice", wakati inatakiwa "smells nice". Ila "The cook is smelling the fish" ni sahihi, kwani mpishi ananusa. "Feel" na "look" ni legevu kidogo: "I'm feeling tired" hakuna atakayeikata kwa kalamu nyekundu.

Angalia pia "She looks well". Usiisahihishe: "well" hapo ni kivumishi, maana yake mzima wa afya. Na "is" ya "She is cooking" ni kitenzi kisaidizi, si kishirikishi, hata kama inaongoza orodha.

Halafu kuna vile ambavyo orodha haivitaji kabisa. "The milk went bad": maziwa hayakwenda popote. "The river ran dry": hakuna aliyekimbia. Weka "was" uone.