Mama mkwe na wageni wa kwenye tangi

Kuna samaki mdogo anaitwa kuhli, jamii ya lochi, hata akikua sana ni kama sentimita 10 hivi, mwili mrefu mwembamba wenye mistari ya njano na kahawia iliyokolea, yaani ukimwona gizani na hujaambiwa kitu, huyo ni nyoka tu. Mchana humuoni, kajichimbia mchangani au yuko chini ya majani, usiku ndo anatoka kupekuapekua na vile visharubu vyake.

Mama mkwe kaja kututembelea tukamtandikia sebuleni, hapohapo lilipo tangi langu la kioo ninalofugia hawa kuhli. Mchana kaliangalia tangi weee, kanihurumia, "Baba, kwani unafuga maji?"

Usiku wa manane nasikia ukelele. Natoka mbio na kaptula (mbele ya mkwe, nielewe hiyo aibu), namkuta kapanda juu ya meza na tochi ya simu, "Nyoka! Wanaogelea!" Nikaanza kumuelewesha pale pale, mama hawa ni samaki, kwao Indonesia na Malaysia, vijito vya msituni vinavyoenda polepole na vinamasi vya mboji, majani yakiozea humo maji yanakuwa kama chai ya rangi, wenyewe wanaishi huko chini kabisa, na maji yakiishiwa hewa wanapanda juu wanameza hewa inapita utumboni.

"Samaki gani anapumulia tumbo?"

Hapo nikajua somo limekataa.

Nikasema basi nimtoe mmoja aone mapezi. Sasa hawa viumbe wana kimwiba chini ya jicho, wakishtuka kinasimama, kikanasa kwenye wavu, natikisa hatoki, anajinyonganyonga tu, namsogezea mama aone vizuri ndo akachomoka akaenda kutua kwenye shuka lake. Mama katoka nje bila kandambili! Mke wangu kaamka anauliza umemfanya nini mama yangu, mimi nimepiga magoti napapasa matandiko ya mkwe wangu natafuta samaki.

Nikampata, mzima, nikamrudisha majini, akazama mchangani hapohapo na wenzake wote washajificha. Mama anarudi na jirani kashika fimbo, wakamulika tangi zima, hamna kitu. Jirani akaniuliza taratibu, "Kwani kaka humu unafuga nini?"

Kabla sijafungua mdomo mama akamjibu, "Nyoka."